Ulinganisho: mashua ya tanga futi 30, niunde Nungwi, Matondoni, niite fundi wa Jibondo, au nichukue faiba?

Mtoto_wa_Chumbageni (mwanzisha mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi na ndugu zangu tumeuza kiwanja cha marehemu mzee, na kabla pesa haijaishia kwenye harusi za watu tumekubaliana tuunde chombo. Mashua ya tanga, futi 30 hivi, na injini ndogo ya kusaidia siku upepo ukilala. Msimu wa wageni ipeleke watu visiwa vya Maziwe na Toten, msimu ukiisha ibebe mizigo myepesi Tanga, Pangani, Pemba.

Mezani kuna njia nne. Fundi wa Nungwi. Fundi wa Matondoni, Lamu. Fundi wa Jibondo, Mafia, ambaye yuko tayari kuja na vijana wake aundie hapa hapa Tanga. Na kiwanda cha faiba Dar, wanaosema kalibu wanayo, niwape nusu ya pesa nisubiri simu.

Bei msiandike humu. Watoto wa mafundi nao ni wanachama, kesho asubuhi nitapandishiwa.

Ninachotaka tulinganishe ni kazi ya mikono na jina. Kila niliyeongea naye ananiambia "sisi tuna jina". Sawa, jina la nani, na limetoka wapi? Mwanangu akirithi chombo hiki, akisema bandarini kiliundwa na fulani, watu waitikie kwa heshima au wacheke?

Nawasilisha.

Faiba_Tu

Faiba mkuu. Haitaki kalafati, ile pamba ya kuzibia mianya ya mbao, hailiwi na wadudu, haisubiri mtu akachague gogo porini. Mada ifungwe.

Kijukuu_cha_Fundi

Faiba_Tu ushaanza fujo mapema. Ngoja mie niseme ya kwetu.

Mie ni wa Nungwi, babu yangu alikuwa fundi, mie nilishika tezo ya kuchongea mbao utotoni kisha nikakimbilia kazi ya hoteli, kwa hiyo sina chombo cha kukuuzia. Kwetu fundi haundi kwa karatasi. Ukimwambia akuchoree, atakuchorea mchangani kwa kijiti, maji yakijaa ramani imekwenda. Wewe unampa urefu wa mkuku, ule mti wa chini unaobeba chombo chote, basi. Upana wa tumbo, mlalo wa fashini (nguzo ya mwisho wa mkuku), kimo cha tezi huko nyuma, vyote anavitoa katika urefu ule kwa jicho lake. Ndiyo maana vyombo vya mafundi wawili, hata vikiundwa chini ya mti mmoja, mtu wa bahari anavitofautisha vingali mbali.

Halafu kuna siku ya kushusha. Mji unaitwa, dua inasomwa, kunapikwa, kisha kamba zinavutwa na kila mwenye mkono mpaka chombo kiingie majini. Wasiotoka pwani wanaona ni sherehe tu. Mie naona ni mtihani. Fundi amesimama pale mbele ya wazee wake, mafundi wenzake na wateja wake wa kesho, na kila mmoja anatazama chombo kinakaaje juu ya maji. Kikiegemea upande, habari inafika Mkokotoni kabla wali haujaiva.

La kuficha silifichi. Ufukwe si ule wa zamani. Hoteli zimekula pwani, nafasi ya kuundia imebanwa, na miti mikubwa Unguja haipo siku nyingi, mbao nyingi zinatoka bara. Halafu soko kubwa sasa hivi ni vyombo vya kuwatembeza wageni machweo. Mwenye hoteli anataka kipya, king'ae, tena haraka. Vyombo vile havijui upepo wa kusi ni nini, vinazunguka mbele ya hoteli na kurudi. Kwa hiyo ukienda Nungwi muulize fundi chombo chake cha mwisho alichomuundia mvuvi kilikuwa kipi, na kiko wapi. Vya machweo usivitazame, vitakudanganya kwa rangi.

MwanaMatondoni

Assalam aleikum jamaa. Yeo mmenigusa.

Kwanza, ukisema "chombo cha Lamu" hujasema kitu. Kuna Matondoni, kuna Faza, kuna Kizingitini, na kila mui una mkono wake. Matondoni ndiyo iliyopata jina kwa majahazi, basi hata kijana aliyejifunza useremala wa milango Mombasa siku hizi hujiita fundi wa Matondoni. Jina la kijiji halina mlinzi. Mimi ni mtu wa huko na nakwambia hivyo.

Chombo chetu utakijua kwa omo, yaani mbele yake. Ya jahazi la Amu (Lamu) husimama wima, ya Unguja hulala mbele. Kipi bora? Wazee wamegombana miaka na miaka na mimi siingii.

Pili, kwetu jina hupimwa hadharani pia, si kwa kushusha tu. Kuna mashindano ya mashua wakati wa Maulidi, na yale ya mwaka mpya kule Shela. Nahodha akishindwa mara ya kwanza hulaumu upepo. Akishindwa tena watu huanza kuuliza kimeundwa na nani. Sasa usielewe vibaya, mashua ya mashindano usiinunue. Tanga lake ni kubwa kupita kiasi na mabaharia wananing'inia kwenye ubao upande wa upepo ili isipinduke. Wageni wako wa Maziwe watakufia kwa hofu. Ila kazitazame zikipiga bisho, yaani zikikata huku na huku kuuendea upepo. Pale ndipo utakapojua ni mkono wa fundi gani unaoshika maji, na ni upi unaosukumwa pembeni na upepo.

Tatu, mataruma, mbavu za chombo. Yetu ni ya mikoko, mkomafi na mlilana, miti iliyojipinda yenyewe tangu inakua. Fundi huingia mkokoni na umbo la chombo kichwani, akatafuta tawi lenye pindo lake. Serikali ya Kenya ilipopiga marufuku ukataji miti mwaka 2018, mikoko ilikuwamo, na Lamu ilikaa hivyo mpaka 2019 ndipo ikaruhusiwa tena. Kipindi kile fundi mwenye jina la kulinda alikaa kitako. Mwenye njaa alichonga taruma pindo katika mbao iliyonyooka, na taruma la namna hiyo huvunjika pale pale nyuzi za mti zilipokatwa. Ukiletewa chombo cha miaka ile, ingia ndani na tochi.

Na kwa ndugu yangu wa faiba: 2018 hiyo hiyo, hapa Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake waliunda Flipflopi. Mkuku plastiki, mataruma plastiki, mbao plastiki, zote taka zilizookotwa, na nje wakaivisha vipande vya kandambili kama elfu 30. Mwanzoni mwa 2019 ikatweka tanga ikafika Unguja. Plastiki haikujua kwenda bahari. Aliyejua ni fundi aliyelelewa kwenye mbao.

Faiba_Tu

MwanaMatondoni umenisaidia hoja bila kutaka. Kumbe si mbao, ni mkono.

Haya, sasa nijibu kiutu uzima. Nafanya kazi hizi, si zile za kiwanda anachokisema mtoa mada, kwingine. Watu wanadhani faiba ni kumimina kama uji. Ndani ya kalibu unapaka tabaka la rangi ya nje, kisha unalaza mkeka wa faiba, resini, unasugua kwa rola mpaka mapovu yatoke, tabaka juu ya tabaka. Povu likibaki ndani, boti inatoka inang'aa kama zote na hakuna mnunuzi wa kuliona. Miaka michache majini, malengelenge yanachomoza. Fundi wa mbao akikosea kosa linaonekana. Sisi makosa yetu yanazikwa na rangi, ndiyo maana kwetu jina ni muhimu zaidi, si kidogo. Kiwanda kinachokataa usiingie siku ya kulaza mikeka, kikimbie hata kama bei ni ya ndugu.

La pili nasema dhidi ya biashara yangu. Kalibu nyingi hapa kwetu ni za boti za injini. Ni nyepesi, chini ni bapa, hazina mkuku wa kushika maji. Ukisimika mlingoti juu yake na kutweka tanga, inateleza pembeni. Kwa kuvua na kubeba watu kwa injini, faiba inashinda kwa mbali, mafuta unayookoa peke yake yanatosha. Kwa chombo cha tanga, muulize huyo jamaa wa Dar kalibu yake ilitengenezwa kwa ajili ya nini. Akijibu "inafaa yote", una jibu lako.

Mswahili_Gothenburg

Nachomeka moja kuhusu jina na faiba, maana naishi karibu na kisiwa cha Orust, Sweden, ambako watu wameunda vyombo vya mbao vizazi na vizazi. Kiwanda kinachoitwa Hallberg-Rassy kiko huko, mji wa Ellös. Harry Hallberg alianza mwaka 1943 na mbao, baadaye akawa miongoni mwa waliohamia faiba mapema: chini faiba, juu mbao ya mkangazi iliyofanyiwa kazi na maseremala wale wale. Mwaka 1972 Mjerumani mmoja fundi boti, Christoph Rassy, akamnunua. Angeweza kulifuta jina la mwenzake. Akaliweka mbele ya lake.

Bandarini hapa boti zao za miaka ya 70 bado zinakwenda baharini, na mtu akiuza anaandika jina la kiwanda kabla ya mwaka na kabla ya injini. Hayo yote ni faiba. Kwa hiyo Faiba_Tu yuko sahihi, ila ni sahihi ya gharama ambayo mtoa mada hataki kuisikia.

Nahodha_Mstaafu

Wanangu, nimesoma yote. Mimi nimesafiri na tanga toka Kilwa mpaka Lamu, sasa macho yamechoka, mjukuu ndiye anayenichapia.

Mnalinganisha vijiji, na chombo hakiundwi na kijiji. Halafu kila anayenunua huenda kutazama kipya, kimepakwa rangi, kinanukia mafuta. Kipya chote ni kizuri. Nenda katazame kizee. Mwambie fundi akutajie vyombo vyake vilivyopita miaka kumi, viko bandari gani, nahodha ni nani. Fundi wa kweli atakutajia kimoja kimoja, na kile kilichozama atakuambia kilizama wapi na kwa sababu gani. Asiyejua vyombo vyake viko wapi, mnywee chai yake umuage.

Ukishapata kizee, kifuate siku ya bamvua, maji yamekupwa, kimelala mchangani. Usianze na mbao. Simama nyuma mbali kidogo, funga jicho moja, fuata mstari wa mkuku kutoka tezi mpaka omo. Omo na tezi zikiwa zimeanguka na katikati pametuna, mkuku ulikuwa mti mbichi au chombo kimebebeshwa hovyo. Kisha nenda pale fashini inapokutana na mkuku. Kiungo kile hubeba kila wimbi. Ukikuta kimezibwa kwa saruji au kimepigiliwa bati, usiulize zaidi.

Halafu vichwa vya misumari. Msumari wa fundi hutobolewa tundu kwa keekee kwanza ili mbao isipasuke, huvishwa uzi wa pamba uliolowa mafuta chini ya kichwa, ndipo unapigwa. Chombo cha miaka kumi kilichopigwa hivyo, mbao zake zinabaki safi. Ukiona mistari ya kutu inateremka chini ya kila kichwa, fundi alipiga msumari mkavu, au alinunua wa rahisi akakuandikia wa ghali. Kutu haibaki kwenye msumari, inakula mti unaouzunguka. Tundu likishapanuka hakuna kalafati ya kuliziba.

Kalafati yenyewe ipapase kwa kidole. Pamba iliyoshindiliwa vizuri ni ngumu na haikai nje ya mfereji. Ikiwa inachomoka kwa ukucha, ilishindiliwa na kijana aliyetumwa peke yake, fundi yuko barazani.

Mwisho mtafute baharia, si mwenye chombo, baharia, umuulize hufua maji mara ngapi safarini. Na utazame upo wake wa kutolea maji. Upo uliochakaa ndani ya chombo kipya una habari yake.

Jibondo nawajua. Kisiwa kile ni mawe matupu, hakina mashamba ya maana, wanaishi kwa bahari. Mafundi wao wameunda vyombo vikubwa sana, na wanavipanda wenyewe na watoto wao. Hilo mimi huliweka mbele ya mengine. Lakini na huyo wako mpime kwa vyombo vyake, si kwa kisiwa chake. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukiona fundi anakupigia simu kila siku, jiulize kwa nini hana kazi.

Mtoto_wa_Chumbageni

Shikamoo babu. Huyu wa Jibondo kusema kweli nilimpigia mimi, na hupokea mara moja moja.

Nahodha_Mstaafu

Marahaba. Hiyo ni dalili njema, au ni mtandao wa Mafia.

BintiKipumbwi

Kaka, mimi nina vyombo viwili, nilirithi biashara kwa baba yangu. Niongeze upande wa makubaliano, maana wanaume mnapenda kuongelea mkuku mnasahau daftari.

Chombo chetu cha kwanza tulimpa fundi mwenye jina kubwa, simtaji wala kijiji chake sikitaji. Alipiga mbao mbichi. Kaskazi ya kwanza, jua lilipoiva, mbao zikanywea, nyufa zikafunguka kila mahali, tukawa tunabeba maji badala ya abiria. Simu hapokei. Cha pili kiliundwa na mzee mmoja asiyejulikana nje ya kijiji chake. Msimu wa kwanza ulipoisha akaja kwa basi, hatujamwita. Akasubiri maji yakupwe, akakizunguka chombo anagonga kila ubao kwa mpini wa nyundo huku anasikiliza. Akautoa ubao mmoja ambao mimi niliuona mzima kabisa, akaweka mwingine. Hakutaka ujira, nauli tu. Tangu siku hiyo kila anayeniuliza fundi namtaja yeye, na sasa kumpata ni foleni. Mwenye jina kubwa naye bado ana jina kubwa, ila si huku kwetu.

Kwa hiyo ukiandikiana na fundi yeyote: mbao na misumari lipa wewe, lakini achague yeye, tena uwepo. Mvule, mtiki au mbambakofi kwa mbao za chini ya maji, ukubaliane naye kabla, na zilale kivulini zikauke, asikuharakishe. Malipo yaende kwa hatua: mkuku ukilazwa, mataruma yakifungwa, mbao zikifika juu, kalafati, kushusha. Na fungu la mwisho libaki kwako mpaka chombo kipite kusi moja. Fundi anayejiamini hatanuna. Anayenuna, heri akununie sasa.

Halafu usafiri wa wageni una ukaguzi. TASAC, shirika la serikali la mambo ya meli, watataka kukiona chombo, jaketi okozi, idadi ya watu, vyote. Ukiunda Lamu una mambo ya forodha juu yake, ukiunda Unguja una karatasi za huko kwanza. Fundi akiundia Tanga, mkaguzi anaweza kupita chombo kingali mifupa, na mimi hilo nalipenda, kwa sababu mataruma yakishafunikwa hakuna anayejua kilichopo.

Msuri_wa_Makorora

Salaam kutoka Sur, Oman. Nimezaliwa Tanga, nimekulia huku, nawasoma kila siku.

Mnaongelea jina linalodumu, basi jueni jina linaweza kudumu na mikono ikaondoka. Sur ilisifika kwa kuunda vyombo vilivyokuja kwenu na kaskazi na kurudi na kusi. Biashara ya tanga ilipokufa, kazi ikapungua. Ghanja moja, jahazi kubwa la huku, jina lake Fatah al-Khair, iliundwa hapa mwaka 1951, ikauzwa, ikaishia Yemen. Watu wa Sur wakairudisha kwa kuwa zilikuwa hazipo tena, na sasa imewekwa nchi kavu watoto waione. Mwaka 1980 ilipotakiwa iundwe Sohar, meli iliyoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari, ile ambayo Tim Severin aliipeleka mpaka China, iliundiwa hapa Sur. Washonaji lakini waliletwa kutoka visiwa vya Lakshadweep, India.

Na huko kwenu hamkusalimika. Mtepe ulishonwa Lamu na visiwa vya Bajuni, leo nani anaunda mtepe wa kazi? Ulikuwapo mmoja wa kuonyeshwa ndani ya Beit al-Ajaib, Unguja, na jumba lenyewe mnajua lilivyoporomoka Desemba 2020.

Swali langu kwa mtoa mada ni dogo: kati ya hao watatu wa mbao, yupi ana vijana? Si vibarua wa kubeba magogo, vijana wanaoachiwa tezo. Chombo chako kitahitaji ubao mpya miaka kumi na tano ijayo, fundi mwenyewe atakuwa mzee au atakuwa amekwenda mbele ya haki. Aliyeshika tezo pembeni yake ndiye utakayempigia.

Kijukuu_cha_Fundi

Hili la vijana ndilo linalotuuma Nungwi. Mie ni mfano, hoteli inalipa kila mwezi. Wapo vijana wazuri, ila wengi wanajua kuunda sehemu, huyu kalafati, huyu mbao. Wa kulaza mkuku na kusimamisha fashini peke yake wanahesabika.

MwanaMatondoni

Huku pia. Ila kazi za Flipflopi zimerudisha vijana kadhaa kwenye banda, na mashindano yanasaidia, kijana anataka mashua aliyoiunda ishinde. Matondoni usitufute, ndugu. Nakupa shauri tu: ukija, usishuke Amu mjini ukaulize fundi. Watu wa mjini wana wajomba. Njoo na ndia ya Matondoni moja kwa moja, maji yakiwa yamekupwa, utazame wenyewe wanavyofanya kazi.

Faiba_Tu

Swali kwa wote. Matengenezo hamyataji. Mbao lazima ipandishwe pwani, ichomwe chini kwa makuti kuua wadudu, ipakwe shahamu na chokaa, tena na tena kila mwaka. Nani atafanya hayo Chumbageni?

Nahodha_Mstaafu

Atafanya mwenye chombo, mwanangu, na ndiyo faida yake. Kila akikilaza anakiona tumbo. Boti zenu hazitazamwi mpaka zipasuke.

Ila swali lako ni zuri. Mtoa mada, kama wewe na ndugu zako hakuna wa kukaa na chombo, wote mko maofisini, basi msikilize huyu wa faiba na muende na injini. Chombo cha mbao kisicho na mtu wake hufa mapema, kiundwe na nani kiundwe.

Mtoto_wa_Chumbageni

Mdogo wangu wa mwisho ni baharia, ndiye atakayekaa nacho. Mimi ni wa daftari.

Niseme nilipofika. Faiba nimeiweka pembeni. Nimempigia yule wa Dar nikamuuliza kalibu ni ya nini, akasema "inafaa yote". Matondoni nimependa maneno ya ndugu yetu, ila forodha na umbali vinanitisha. Nungwi sijaifuta, nimepata majina mawili ya vyombo vya wavuvi, kimoja kinalala Mkokotoni, bamvua lijalo nakwenda kukiona.

Wa Jibondo nilimuuliza swali la babu. Akataja vyombo saba bila kufikiri. Viwili viko Kilwa, kimoja kiko Mtwara, kimoja kilivunjika kwenye mwamba kwa nahodha kulala, hayo ni maneno yake. Na kimoja kiko Pangani! Miaka yote nakipita pale mtoni sijui. Vijana anao watatu, mmoja ni mwanawe. Fungu la mwisho libaki mpaka kusi ipite? Akacheka, akasema atakuja mwenyewe kulichukua.

Kesho kutwa nakwenda Pangani na tochi.

BintiKipumbwi

Mchukue mdogo wako, yeye ndiye azungumze na mabaharia. Wewe wakikuona na daftari watafunga midomo.

MwanaMatondoni

Sawa, mmetushinda kwa forodha, si kwa kazi. Ila hamjamuuliza jambo moja: tanga nani atashona? Msichukue turubai la lori mkakata. Nimeona vyombo vizuri vimeharibiwa hivyo.

Nahodha_Mstaafu

Kweli kabisa. Tanga lisikatwe kabla mlingoti haujasimama na foromali, mti wa kufungia tanga, haijapatikana, maana foromali moja hupinda zaidi ya nyingine, na tanga hukatwa kufuata pindo lake. Tanga lililoshonwa kwa vipimo vya simu litakuwa na mfuko mahali pasipotakiwa na chombo hakitapiga bisho hata kama mkuku aliulaza malaika. Mashine ya cherehani ni sawa kwa kuunga mapande, ila pembeni, pale kamba inaposhonewa, ni sindano na mkono. Pangani palikuwa na mtu wa kazi hiyo. Ukifika kwenye kile chombo, litazame tanga lake pia, uulize lilishonwa na nani.

Mtoto_wa_Chumbageni

Nitauliza, babu. Mwenye namba ya fundi tanga yeyote kati ya Tanga na Bagamoyo anitumie faragha, sio hapa.